TUPIMWE AU TUNGOJE?

Mwaka huu sitaandika juu ya mihadarati wala usafi wa mazingira, hayo wenzangu watayashughulikia. Nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, ule unaowashika watoto na vijana. Kaka yangu anao na hujidunga insulini kila siku. Mimi na wadogo zangu wawili ni ndugu zake wa damu, kwa hivyo swali hili kwetu si la mtihani. Je, ndugu wa mgonjwa wapimwe damu hata kabla ya kuugua?

Kwanza tuelewane. Ugonjwa huu hauletwi na kunywa chai yenye sukari nyingi, wala si kurogwa, ingawa hapa Kitale utaambiwa yote mawili kabla hujafika stendi ya matatu. Kinga ya mwili yenyewe hugeuka ikashambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, kama askari wa usiku anayempiga mwenye boma. Vita hivyo huanza miezi au hata miaka mingi kabla ya kiu na kukojoa ovyo. Wakati huo wote kingamwili zake zinaweza kuonekana katika damu. Gian Franco Bottazzo na wenzake huko London waliandika habari zake mwaka wa 1974. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2013, wa watoto wa Finland, Ujerumani na Marekani, ulionyesha kwamba wakipatikana na aina mbili au zaidi za kingamwili hizo, karibu 70 kati ya 100 huugua ndani ya miaka 10. Mwenye aina moja tu huenda asiugue kamwe.

Baba mdogo wa Bungoma huniuliza, "Sasa ukishajua utafanya nini? Si utakonda tu kwa mawazo?" Ana haki ya kuuliza. Dawa ya kuzuia kabisa haipo. Mwaka wa 2022 Marekani iliidhinisha teplizumabu, nayo huchelewesha ugonjwa kwa miaka kama miwili hivi. Bei yake usiniulize, bana!

Hata hivyo mimi nasema kujua kuna faida. Huko Bavaria, Ujerumani, watoto wamekuwa wakipimwa tangu mwaka wa 2015, na wale waliojulikana mapema ni wachache sana wanaofika hospitali wakiwa mahututi, damu imejaa asidi. Huku kwetu mtoto akitapika na kuhema, watu husema ni malaria au taifodi. Anapewa dawa za malaria, na siku mbili hizo ndizo zinazoua.

Lakini wapi! Kuna jambo linalonizuia kusema tuige Wazungu moja kwa moja. Mwaka wa 2025 watafiti walitoa matokeo ya vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokwisha kuambiwa wana aina hii ya kwanza. Karibu thuluthi mbili hawakuwa na kingamwili hizo. Uganda si mbali, ni ng'ambo ya Mlima Elgon tu! Kwa hivyo mdogo wangu akipimwa akaambiwa damu yake ni safi, mama anaweza kustarehe bure.

Maoni yangu ni kwamba hicho kipimo cha kingamwili kije, lakini kisitangulie. Kitangulie kile cha kudunga kidole, ambacho huchukua chini ya dakika moja, na kila zahanati ya Trans Nzoia na Bungoma iwe na vijiti vyake vya kutosha. Ndugu wa mgonjwa akianza kunywa maji kama ngamia, kukonda, au kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha, apimwe siku hiyo hiyo, si baada ya soko la Jumamosi. Nanyi walimu wetu, tafadhali, mwanafunzi akiomba ruhusa ya kwenda msalani mara tatu katika kipindi kimoja, msimwambie anatoroka hesabu. Muulizeni kama ana kiu.