Barakoa si Roho ya Woga



Wiki jana nilitangaza hapa kwamba mwenye kikohozi avae barakoa akija kwenye kesha la Ijumaa, na kwamba madirisha yote yatakuwa wazi. Mistari miwili tu! Nimepata jumbe nyingi kuliko siku niliyofundisha fungu la kumi. Mmoja anauliza, corona iliisha, mbona mchungaji unaturudishia roho ya woga? Mwingine anasema barakoa haizuii kitu kwa sababu kirusi ni kidogo kuliko matundu yake. Wa tatu ameona upako umenipungua. Leo nakujibu wewe uliyeandika, kwa upendo, lakini nakujibu.

Tuanze na matundu. Unadhani barakoa ni kifumbu cha kuchujia tui, kwamba kilicho kidogo kuliko tundu lazima kipite. Ingia chumbani kwako uangalie chandarua. Ulikitundika kikiwa cheupe, leo kina rangi ya vumbi la barabarani. Punje ya vumbi ni ndogo kuliko tundu la chandarua, sasa mbona imenasa? Hewa inapopita kati ya nyuzi, vumbi hugonga uzi likashika. Barakoa ya hospitali ina nyuzi nyembamba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na chembe haina njia iliyonyooka ya kupita. Tena kirusi hakitoki kinywani kikiruka peke yake kama nyuki. Hutoka kimebebwa ndani ya matone ya mate na unyevu wa pumzi, ambayo ni makubwa kuliko chenyewe.

Matone mazito huanguka karibu. Madogo sana huelea na kujaa chumbani kama moshi wa kuni jikoni, hasa dirisha likifungwa. Anayepaza sauti hutoa mengi kuliko aliyenyamaza, na anayeimba vivyo hivyo. Sasa niambie, mpendwa, sisi kwenye kesha huwa tunanong'ona?

Machi 10, 2020, kwaya moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa kwa saa mbili na nusu. Walikuwa watu 61, na mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Mikono walitakasa, kukumbatiana waliacha. Watu 53 waliugua na wawili wakafa. Hawakuwa walevi wa baa, walikuwa watu wanaoimba ndani ya nyumba ya Mungu.

Najua utaniambia kwamba hata Shirika la Afya Duniani lilijikanusha. Ni kweli. Machi 2020 lilitangaza kwamba ugonjwa huu hausambai kwa hewa, na baadaye likakubali kwamba unasambaa. Kwako huo ni ushahidi kwamba wote ni waongo. Mimi naona waliokosea wakarekebisha, jambo ambalo sisi wa madhabahuni hutuwia gumu.

Nianze na mimi. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020, watu wasiozidi 100 na ibada isiyozidi saa moja, mlikuja mmevaa barakoa. Mimi nilikuwa naivuta yangu chini ya kidevu kila nikishika maikrofoni, na nikawachekesha kwamba pepo hazikemewi kwa mdomo uliofungwa. Mkacheka, nanyi mkazishusha. Mzee wetu mmoja wa safu ya mbele aliugua kifua majuma machache baadaye, na tukamzika. Siwezi kuapa kwamba aliupata kwetu. Lakini ule mzaha sijaurudia tena.

Na wewe unayesema kisichozuia vyote hakizuii chochote, kumbuka uko Kilifi. Hapa hapa, kati ya 1993 na 1995, watafiti waligawa vyandarua vyenye dawa, na watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa 44%. Si 100%. Je, ulikitupa chako? Barakoa nayo ina mipaka yake. Huko Bangladesh zilijaribiwa katika vijiji 600. Vijiji vilivyopewa za hospitali, corona yenye dalili ilipungua kwa takriban 11%, na kwa waliozidi miaka 60 kwa takriban 35%, ingawa zaidi ya nusu ya watu hawakuzivaa. Za kitambaa hazikuonyesha matokeo ya wazi, kwa hiyo ile ya kitenge inayofanana na gauni lako, dada, ni nzuri kwa picha. Na ukitembea ufukweni Silversands upepo unavuma, mimi sikudai uvae chochote usoni.

Lakini hoja ya imani ndiyo inayoniuma. Tangu nimeokoka sijasikia mchungaji akikemea chandarua. Tunaomba, kisha tunakichomeka chini ya godoro. Fungua Walawi 13:45 uone mwenye ukoma aliagizwa afunike nini. Agizo hilo lilitoka kwa Mungu, si kwa Wizara ya Afya. Na sisi wa Malindi tuwe wa mwisho kabisa kufundisha kwamba kuutunza mwili ni upungufu wa imani. Mwaka 2023 tulitazama miili zaidi ya 400 ikifukuliwa Shakahola.

Unaposema huogopi, nakuamini. Lakini pumzi yako haibaki kwako. Mama mwenye mtoto wa miezi miwili hukaa kiti cha nyuma yako, naye hajakuandikia ujumbe wowote.

Ijumaa ni saa tatu usiku. Barakoa za hospitali zitakuwa mlangoni kwa mashemasi, bure. Mwenye kikohozi atakaa upande wa dirishani, na mwenye homa aombe akiwa nyumbani, nitampigia simu. Spika tutazipunguza ili jirani wasipate sababu ya kutulalamikia kwa madirisha wazi. Kina mama mje na leso ya ziada, upepo wa kusi usiku una baridi.