Bekoni Ni Nguruwe, Acheni Kutuzuga

Wadau, nimerudi. Nilikuwa nyumbani Liparamba wiki mbili, kule ambako ukiuliza njia ya kwenda Msumbiji unaoneshwa kwa kidole tu. Nilipanga kuwaletea habari za Pori la Akiba na za kahawa ya Umatengoni, kama mtoto mwema aliyetoka likizo. Badala yake nimerudi mjini na hasira ya soseji.

Naam, soseji. Msicheke kwanza.

Siku tatu kabla sijaondoka tulikuwa na sendofu Mbinga mjini, binti wa mjomba wangu. Ukumbi umepambwa, MC amevaa suti inayong'aa kuliko ya bwana harusi mtarajiwa, muziki juu. Kabla ya chakula zikaanza kupita "baitingi", maana siku hizi kusema vitafunwa ni ushamba. Sinia baada ya sinia: vijisoseji vidogo, kila kimoja kimeviringishiwa kipande cha bekoni, kimechomekwa kijiti cha meno, kimepakwa sukari na pilipili mpaka kinameremeta kama kiatu cha gwaride. Vitamu, sikatai. Mimi mwenyewe nilishakula vinne pale mlangoni nikiongea na washikaji.

Nikaenda kukaa meza ya mama. Pembeni yake alikuwa mama mmoja wa Mbamba Bay, shoga yake tangu enzi walipokuwa wakiuza usipa pamoja. Muislamu, hijabu kichwani, anajulikana ukumbi mzima. Nikaamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, umekonda huko Dar." Sinia likapita, akachukua kimoja.

"Mama samahani, usile hicho. Ni nguruwe."

Akakiweka chini taratibu juu ya karatasi. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akauliza kwa sauti ndogo:

"Na kile cha kwanza?"

Nilikuwa nimechelewa, jamani. Sinia lilishapita meza ile kabla sijafika. Sikuwa na jibu. Akaomba maji, akaenda nje kusukutua, na mama yangu akamfuata. Waliporudi walikaa kimya mpaka keki inakatwa.

Nikamfuata dada aliyekuwa msimamizi wa chakula. Nikamuuliza kwa upole kabisa kwa nini hawakusema ni nguruwe. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya: "Kaka, hiyo si kitimoto. Hiyo ni bekoni." Halafu akaongeza: "Na kama ana masharti, mbona hakuuliza?"

Sasa tuongee.

Bekoni ni nyama ya tumbo la nguruwe, au ya mgongo, iliyotiwa chumvi na mara nyingi ikafukizwa moshi. Hakuna mnyama anayeitwa bekoni. Hamu ni nguruwe, paja lake. Salami nyingi ni nguruwe. Soseji ndiyo usiseme, ina nyama ya yeyote aliyepita karibu na mashine, na hata iliyoandikwa "ng'ombe" inaweza kuwa imevishwa utumbo wa nguruwe. Anayelisha watu mia tatu asipoyajua hayo hajui kazi yake. Akiyajua akanyamaza, hapo sina jina lake la kistaarabu.

Ila tuwe wakweli, dada yule hakuyaanzisha yeye. Huu mchezo wa kumficha nguruwe nyuma ya maneno ni wetu sote. Tumemwita kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki, na mjini wengine wanamwita Noah. Nakubali kwamba majina haya yanachekesha. Baa moja inaandika "kitimoto" kwa chaki ukutani na kila mtu anaelewa, hata asiyekula anaelewa na kupita zake. Lile ni jina la utani linalotoa habari. "Bekoni" kwenye sinia la harusi halitoi habari yoyote kwa mama wa Mbamba Bay. Ni neno la menyu ya hoteli, limekuja kumpendezesha mnyama yuleyule tunayemcheka akiwa kwenye banda la mjomba.

Na hapo ndipo hasira yangu ya pili ilipo. Mjomba huyuhuyu, baba wa binti, alikuwa na nguruwe wawili wazima kabisa Liparamba. Alitaka kuwatoa. Kamati ikakataa: nguruwe wa kijijini "haendani na hadhi ya shughuli". Mjomba akawauza kwa mchuuzi kwa bei ya mchuuzi, kisha sehemu ya hela hiyo ikarudi kwenye kamati kama mchango wa mzazi, kamati ikanunua bekoni ya pakiti. Yaani mzee ameuza nguruwe ili akanunue nguruwe! Mwembamba zaidi, mwenye plastiki. Niliposema hivyo kwenye kikao cha tathmini niliambiwa waandishi tunapenda kukosoa.

Hadhi gani? Kama ni historia, bekoni inayo ya kwetu kabisa, na haina hadhi ya kujivunia. Kule Uplands, Limuru, Kenya, kulikuwa na kiwanda maarufu cha bekoni enzi za walowezi. Septemba 1947 wafanyakazi wake waligoma, polisi wakafyatua risasi, watatu wakafa. Chege Kibachia, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa Kiafrika, mwaka huohuo alikamatwa na kupelekwa kifungoni Kabarnet, akakaa huko miaka kumi. Hayo ndiyo yaliyopita nyuma ya kifungua kinywa cha bwana shamba. Leo tunakilipia kipande kilekile bei ya dhahabu ili tuonekane tumeendelea.

Kuna wataokuja na dawa rahisi: basi nguruwe apigwe marufuku kwenye shughuli zenye mchanganyiko. Sikubaliani. Mbinga na Nyasa ni nchi ya Wakatoliki wengi. Wabenediktini wa Kijerumani walifika Peramiho mwaka 1898, na Jimbo la Mbinga lipo tangu 1986. Nguruwe huku amelipa ada za watu wengi ambao leo wanajifanya hawamjui, na mimi ni mmojawapo. Sare yangu ya sekondari ilitoka bandani. Kumfukuza mezani kwake ni dharau pia.

Na historia yetu ya kushikana mashati kwa ajili ya nyama haitaki kuchezewa. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja uligeuka vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Sisemi sinia la Mbinga lingefika huko. Mama yule alisukutua mdomo akarudi kukaa, basi. Lakini subira ya mgeni si ruhusa ya kumlisha gizani. Najua pia mtaniambia asiyejua hana dhambi. Sawa, hiyo ni hesabu yake na Mungu wake. Mpishi asijifutie deni kwa hesabu ya mwingine.

Wazee wetu walilimaliza jambo hili bila semina. Nilipokuwa mdogo, sikukuu ya Krismasi ikifika baba alimwita jirani Muislamu aje achinje kuku na mbuzi. Nguruwe alipikwa nyuma, sufuria yake, kisu chake, mwiko wake, na hakuna aliyejifanya hayupo. Wageni walikula pamoja chini ya mwembe mmoja, kila mtu akijua anachokula. Sijui ni chuo gani cha mapishi kimetufundisha kusahau hilo.

Haya, sasa msiseme nimelalamika tu. Vile vitu ni vitamu na vinapikika nyumbani. Uingereza ni chakula cha Krismasi, wanakiita kwa jina lenye maana ya nguruwe waliojifunika blanketi. Wamarekani wana jina hilohilo lakini soseji yao mara nyingi inafungwa kwenye unga. Kumbuka hilo la unga, nitalirudia.

Chukua nusu kilo ya soseji ndogo, au kubwa uzikate. Kila ukanda wa bekoni ukate mara tatu, viringisha kipande kimoja kwa soseji moja, funga kwa kijiti cha meno kilicholowekwa maji kisiungue. Changanya sukari ya kahawia robo tatu ya kikombe na pilipili kichaa iliyosagwa kidogo, viringisha humo. Panga juu ya wavu wenye trei chini ili mafuta yadondoke, oka nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 40, ukigeuza mara moja, mpaka bekoni ikauke pembeni. Huna oveni? Tumia sufuria nzito kama unavyooka keki, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Ila kwa mkaa usitie sukari mwanzoni, itaungua kabla nyama haijaiva. Itie katikati. Nimejifunza kwa kuunguza. Ukiwa na asali ya misituni kwetu, paka asali dakika tano za mwisho uachane na sukari kabisa.

Bekoni yenyewe mjomba angeweza kuitengeneza. Nyama ya tumbo kilo moja, chumvi gramu 30, sukari gramu 15, ipake kote, iweke kwenye friji siku saba ukiigeuza kila siku, ioshe, ikaushe, kisha ifukize moshi wa mpera au mwembe (si msindano, utakula lami). Haitakuwa nyekundu kama ya dukani, kwa sababu ule wekundu ni kazi ya nitraiti, ambayo pia inazuia vijidudu hatari. Yako itakuwa ya kijivu, kwa hiyo isitoke kwenye friji na isikae sana. Watu wanaokausha samaki ziwani kila siku mnataka kuniambia moshi umewashinda?

Hapa niweke breki, maana sitaki kuuza ndoto. Hoja moja ya kamati ilikuwa na mashiko, ingawa waliitoa kwa mdomo wa dharau: nguruwe wa kwetu wengi wanazurura. Nguruwe anayezurura kijiji chenye vyoo vibovu anakula kinyesi cha watu, anapata mayai ya tegu, na nyama yake inakuwa na vichembe vyeupe kama punje za mchele. Ukila nyama hiyo mbichi mbichi unapata tegu tumboni. Mbaya zaidi, mwenye tegu asiponawa mikono anaeneza mayai, na yakimezwa na mtu yanaweza kwenda hadi kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema maeneo mengi yenye tatizo hili, karibu asilimia 30 ya kifafa inatokana nalo. Ni vile vifafa ambavyo kijijini tunasema amerogwa. Chumvi na moshi visikudanganye kwamba vimemaliza kazi, nyama iive mpaka ndani. Na nguruwe akae bandani, choo kiwe choo, bwana mifugo aite nyama kwa jina kabla haijafika sokoni.

Banda linasaidia pia kwa homa ya nguruwe, ile iliyoelezwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na mpaka leo haina tiba. Haimdhuru binadamu, lakini inafagia banda zima kwa wiki. Ngiri na nguruwe pori wanaibeba, nao kwetu wapo tele, pori liko mlangoni. Virusi vyake vinaishi hata kwenye nyama iliyotiwa chumvi, kwa hiyo mabaki ya zile baitingi zenu msiwatupie nguruwe. Nimeona kwa macho yangu asubuhi ya pili ndoo ikipelekwa bandani.

Ah, na tusile kila siku. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za kusindikwa kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Sherehe ni sherehe, lakini kuna wenzetu wana sherehe kila Jumamosi.

Basi ninachodai kwa wapishi wa shughuli ni kidogo sana. Kibao chenye neno NGURUWE, herufi kubwa, Kiswahili. Meza yake, koleo zake, trei zake. Mhudumu anayepitisha sinia aseme kwa mdomo. Na kwa wasiokula, msiwaachie karanga na soda kama waliokuja kwa bahati mbaya: soseji ya kuku halali, iliyothibitishwa mpaka ngozi yake, ifungwe kwenye unga wa chapati uliosukumwa mwembamba, ipakwe yai, iokwe trei nyingine. Ndiyo blanketi la Kimarekani nililosema. Kibao hakizidi bei ya puto moja, na pale ukumbini nilihesabu maputo nikachoka.

Siku ya kuondoka nilipitia stendi ya Mbinga kumuaga yule mama, alikuja kupokea mzigo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi kwa niaba ya familia. Hakunipa nafasi. Akanisukumia mfuko wa usipa mkavu kupitia dirisha la basi, harufu ikajaa basi zima, kondakta akaanza kulalamika.

"Kula bila wasiwasi mwanangu," akasema. "Huu haujafungwa blanketi."