Msimrukishe jiometri

KUSINI KWETU
Na Somoe Likwata

Jirani yangu mmoja hapa Chikongola, Mtwara, ana binti wa miaka 17 anayesomea nyumbani. Binti alikatisha shule kidato cha pili, akapata mtoto, na sasa amejipanga upya: kwanza mtihani wa maarifa, QT, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Juzi mama yake alinisimamisha njiani. "Dada Somoe, wewe mtu wa vitabu. Hiyo jiometri nimnunulie kitabu gani? Maana wa twisheni kamwambia airuke tu, itampotezea muda."

Kitabu nitakitaja. Ila hiyo "airuke tu" siwezi kuipita kimyakimya, kwa sababu si ya mwalimu mmoja. Ni ushauri unaozunguka: shika seti, takwimu, matriki na hesabu za biashara, piga msuli hapo, michoro waachie wenye shule. Anayeutoa hana nia mbaya. D inaanzia alama 30, na mtu mwenye mtoto wa kunyonyesha na meza ya samaki wa kukaanga hana saa za kuchezea. Akikusanya vijialama kwenye mada nyepesi, si atavuka?

Tupige hesabu basi. Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne, 041, kwa muundo tuliouzoea ina maswali 14, na yote ni ya lazima: 10 ya alama 6 sehemu A, manne ya alama 10 sehemu B. Hakuna cha kuchagua. Pitisha kidole kwenye muhtasari wa somo uone: pembe na pembetatu, maumbo yanayolingana, maumbo yanayofanana, Pythagoras, trigonometria, duara, dunia kama tufe, maumbo ya pande tatu, vekta, kugeuza na kuzungusha maumbo. Zote hizo zinanyonya ziwa moja. Anayeruka jiometri anamrudishia msimamizi kurasa kadhaa zikiwa tupu, halafu anataka apate 30 kwenye kilichobaki bila kuteleza. Na sehemu B ndiyo mara nyingi hubeba tufe na maumbo ya pande tatu, alama 10 kwa mkupuo. Katika miaka ya karibuni wanaofaulu Hisabati kidato cha nne nchi nzima wamekuwa kama robo tu ya watahiniwa. Sioni jinsi robo hiyo itakavyokua kwa kuwafundisha watoto kuruka.

Watoto wa aina ya binti huyu ni wengi kuliko tunavyokiri. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilifungua mlango kwa waliokatisha masomo, wakiwemo mabinti waliopata ujauzito, warudi darasani. Wapo waliorudi. Wengine, kwa aibu ya umri au kwa kukosa wa kumwachia mtoto, wamechagua njia ya nyumbani, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo kwa ajili yao. Mlango umefunguliwa, ndani yake mtu anahitaji zana, na kwa jiometri zana hazifanani na za historia.

Nchini Marekani, ambako wazazi wengi hufundisha watoto nyumbani kwa hiari, jiometri ni somo la mwaka mzima linalosimama peke yake. Mzazi hukaa na kulinganisha kozi kama anayechagua kiwanja: hii ina video, ile ina majibu, nyingine ina mitihani. Vitabu vizuri vipo kweli. Kitabu cha jiometri cha Richard Rusczyk, kwa mfano, kinampa mwanafunzi tatizo kwanza, alihangaikie, ndipo maelezo yafuate. Huo ndio ufundishaji. Lakini kwa mtahiniwa wa Baraza la Mitihani, NECTA, kozi ya namna hiyo haiwezi kuwa uti wa mgongo. Kwetu jiometri imetawanywa vidato vyote vinne, imechanganywa na aljebra, na ina mada ambazo Mmarekani wa umri huo haulizwi kabisa. Atasoma mwaka mzima, ajue mengi, kisha akutane na swali la meli inayosafiri kutoka latitudo moja kwenda nyingine abaki kulitazama.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza ni cha Taasisi ya Elimu Tanzania, TIE. Jibu halina mvuto, najua. Mtihani unatungwa kwa kufuata muhtasari, na kitabu hicho kimeandikwa kwa kuufuata. Kinasomeka pia bure kwenye maktaba mtandao ya TIE, kwa hiyo simu ya mama ikipata bando, kitabu kipo. Angalizo moja: mtaala ulioboreshwa ulianza kuingia kwa awamu mwaka 2024, na madukani vitabu vya zamani na vipya vimelala rafu moja. Kabla ya kutoa hela, aende kituo atakakojisajili aulize mtihani wa mwaka wake unafuata muhtasari upi. Muuza duka asiulizwe. Yeye anauza vyote.

Tatizo la vitabu vyetu vya shule liko kwingine. Vinatoa kanuni, vinatoa mfano mmoja au miwili, kisha zoezi. Darasani mwalimu huziba pengo kwa kusema. Nyumbani pengo linabaki wazi, na mtoto analiziba kwa kukariri. Sasa jiometri iliyokaririwa ina tabia mbaya: mchoro ukigeuzwa kichwa chini, kanuni inakimbia. Hapo ndipo panapohitajika kitabu cha pili, kinachouliza kwa nini. Warusi walikuwa na Andrei Kiselev, ambaye kitabu chake cha jiometri kilitoka mara ya kwanza 1892 na vizazi kwa vizazi vikakisomea. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 2006. Ni kitabu kitulivu, hakina picha za rangi wala mbwembwe, na kila sentensi inajibu iliyotangulia. Ukikipata kishike. Usipokipata, Euclid wa Alexandria, aliyeandika yapata miaka 300 kabla ya Kristo, anapatikana bure mtandaoni. Vitabu vyake ni 13, wala simwambii binti avimalize. Cha Kwanza, na vipande vya Cha Tatu kinachohusu duara, vinamtosha.

Na asiogope kwamba ni mambo ya Wagiriki. Nenda kwenye kiwanja chochote kinachochimbwa msingi, mjini hapa au njia ya Mikindani, umtazame fundi anavyopiga skwea. Anafunga kamba mbili kwenye kigingi cha kona. Anapima sentimeta 60 kwenye kamba moja, 80 kwenye nyingine, kisha analaza futi mshazari. Ikisoma 100, kona imekaa. Ikisoma 102, kona imefunguka, kamba inasogezwa ndani. Wengi wetu tungesema hiyo ni Pythagoras, na Pythagoras ni hoja ya 47 katika Kitabu cha Kwanza cha Euclid. Fundi hatumii hiyo. Anatumia ya 48, inayokwenda kinyumenyume: pande zikikubaliana, basi pembe ni nyuzi 90. Tofauti hiyo mtoto akiielewa, amejua kitu ambacho wengi wanamaliza kidato cha nne hawajakigusa.

Ng'ambo ya Ruvuma kuna mfano ninaoupenda zaidi. Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Msumbiji na kufariki 2014, aliandika kuhusu wajenzi wa vijijini wanaopata msingi wa pembe mraba bila futi wala namba. Wanachukua kamba mbili za urefu sawa, wanazifunga pamoja katikati. Wanalaza mwanzi wenye urefu sawa na upana wa nyumba, wanapigilia vigingi kwenye ncha zake, na kila kigingi kinashika ncha ya kamba moja. Halafu wanavuta ncha mbili zilizobaki mpaka kamba zikaze, wanapigilia vigingi viwili vya mwisho. Msingi tayari.

Mpe binti kamba mbili na misumari minne, afanye hivyo uani, kisha umuulize: kwa nini kona zinakuwa mraba? Aachwe ahangaike, hata siku mbili. Njia ni hii. Kila msumari uko mbali sawasawa na fundo la katikati. Chukua misumari mitatu inayofuatana: inatengeneza pembetatu kubwa, na nusu ya kamba inayokwenda kwenye msumari wa kati inaikata vipande viwili. Kila kipande ni pembetatu yenye pande mbili sawa, kwa hiyo ina pembe mbili sawa. Za kipande cha kwanza ziite a, za cha pili b. Pembetatu kubwa basi ina pembe a, pembe b, na ile ya msumari wa kati ambayo ni a na b pamoja. Jumla ni nyuzi 180. Yaani a mbili na b mbili ni 180, na a na b ni 90. Imekwisha. Na kwa kuwa misumari yote minne iko mbali sawa na fundo, yote imekaa juu ya duara moja. Bila kujijua, binti ameshathibitisha kwamba pembe iliyo ndani ya nusu duara ni nyuzi 90, mada ya kidato cha tatu ambayo wa twisheni alimwambia airuke.

Hicho ndicho kipimo changu cha kitabu chochote cha jiometri. Kifungue ukurasa wa pembe ya nusu duara. Kama kimeanza na kanuni ndani ya kisanduku na chini yake "kokotoa x", ni cha mazoezi, kinafaa kwa mazoezi. Kama kinamtaka msomaji achore, abahatishe, athibitishe, ndicho cha kujifunzia. Angalia pia kama majibu yapo nyuma. Anayesoma peke yake bila majibu anaweza kukosea wiki nzima kwa furaha.

Hata tufe lina mlango wake hapa kwetu. Mtwara iko karibu latitudo 10°16' kusini, Dar es Salaam 6°48'. Tofauti ni 3°28'. Kwa nusu kipenyo cha dunia cha kilometa 6,370, tukichukulia miji yote miwili iko longitudo moja, umbali unatoka kama kilometa 385. Basi linatembea zaidi ya 550. Binti aeleze nyingine zimekwenda wapi. Akishapita Kibiti na Lindi kwa macho yake hatasahau tofauti ya barabara na upinde wa duara.

Uthibitisho aueleze kwanza kwa Kiswahili, kwa mdomo, ndipo auandike kwa Kiingereza cha mtihani. Mama akasema, "Mimi niliishia la saba, nitajuaje kama amepata?" Hatakiwi kujua. Anatakiwa kusikiliza na kusema "hapo sijaelewa, rudia". Mtoto aliyekariri hawezi kurudia kwa maneno mengine. Kusahihisha kwenyewe atafutwe mwanachuo wa Hisabati. Tuna Chuo cha Ualimu Mtwara Kawaida na Mtwara Ufundi papa hapa, na kijana wa mwaka wa mwisho anaweza kupitia daftari mara moja kwa wiki kwa hela isiyofikia ada ya twisheni.

Kuhusu muda, QT inadai mada za kidato cha kwanza na cha pili tu. Aanze na pembe na pembetatu, mkebe mpya wenye kompasi isiyolegea, na kaunta buku la michoro peke yake. Duara na tufe viingie akishavuka QT, na viwe vimekwisha kabla ya Oktoba ya mwaka wa mtihani wenyewe. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, na Novemba korosho ziko chini ya miti. Mwezi huo katika nyumba nyingi za huku hakuna atakayemwachia binti meza ya kusomea.