MAONI YETU: GHALA LISIONDOKE KWA SAHIHI ZA MLANGONI



Tangu wiki iliyopita kuna karatasi inatembea hapa kijijini nyumba kwa nyumba, wakati wa magharibi, inaomba sahihi. Wengine wameambiwa ni karatasi ya kuomba umeme, wengine wameambiwa ni ya bati za msaada. Sisi tumeisoma yote mstari kwa mstari, kwa kuwa mmoja wetu alipokataa kutia sahihi aliachiwa nakala eti aifikirie. Karatasi hiyo inasema wanachama wamekubali ghala la ushirika, pamoja na uwanja wake mpaka kwenye mwembe, likodishwe kwa mfanyabiashara mmoja kwa muda wa miaka 15. Juu ya umeme haisemi neno hata moja.

Hatuandiki hapa ili kumtukana mtu. Mwenzetu anatafuta pa kuweka mzigo wake, na kutafuta si kosa. Uzembe ni wa kwetu, nao ulianza kabla ya karatasi hiyo.

Tunapenda kuwakumbusha vijana jinsi mahali hapa palivyoanza. Wakati wa Operesheni Vijiji, katika miaka ya 1973 hadi 1976, wazee wetu walitolewa mabondeni na kwenye vilima wakapangwa hapa kwa mistari. Si wote waliokuja kwa kupenda, hayo tusiwafiche watoto. Lakini walipokwisha kufika walijenga hapa katikati kwa mikono yao: ghala, duka, ofisi na kisima. Mtu wa ziwani alileta usipa na muhogo, Mmatengo akashuka kutoka mlimani na mahindi na maharage, wakakutana penye mizani. Na kwa kuwa walikutana kwa ajili ya chakula, walikutana pia kwa ajili ya maneno. Katibu wa siku zile hakuhangaika kupiga mbiu. Alingoja siku ya mizani, akapanda juu ya gunia akasema, akidi ilikuwa imekwisha kutimia yenyewe.

Ndani ya ghala hilo hilo, magunia yakiwa yamesogezwa ukutani, ndipo wengi wetu tulipojifunza kusoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa yaliendelea miaka mingi hata yakatufikia sisi ambao utoto wetu ulipita bila shule. Kandili moja, ubao uliosiliwa na masizi, na watu wazima wenye ndevu wakigombea chaki. Jambo la kwanza tuliloandika lilikuwa ni majina yetu, maana mwalimu alisema anataka tuache kutia dole gumba kwenye daftari la mazao. Yupo mama mmoja aliyejifunza namba kabla ya herufi. Kila msimu kilo zake zilikuwa zinapungua mizanini. Alipojua kusoma mizani alikuwa anakuja anasimama mbele yake kimya, basi, kilo zikaacha kupungua. Sasa watu wale wale, jamani, tunatia sahihi karatasi ambayo hatukuisoma kwa sababu giza limeingia na mgeni ana haraka?

Tuje kwenye lami. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ilikamilika mwaka 2021. Hatusemi lami ni mbaya. Anayesema hivyo hajalala na mgonjwa juu ya lori lililokwama kwenye tope la mlimani. Leo mgonjwa anaondoka alfajiri na asubuhi hiyo hiyo yuko Mbinga. Tena mkataba wa kujenga bandari mpya ya Mbamba Bay ulisainiwa mwishoni mwa mwaka 2023, na mwenye macho anaona kwamba bei ya ardhi ya mwambao huu haitabaki kama ilivyokuwa. Ndiyo maana wenye fedha wanatafuta maghala sasa hivi. Ghala tunaloliona sisi ni la popo, mwenzetu analiona la miaka 15 ijayo. Ametushinda kwa kuona mbali tu.

Lakini lami imekihamisha kijiji. Mashine ya kusaga imekwenda stendi. Fundi cherehani, kinyozi, wakala wa fedha za simu, wote wako stendi. Mwendo wenyewe ni mdogo, ila kule hakuna pa kukaa: mtu ananunua, anapanda pikipiki, kaondoka. Huku chini ofisi inafunguliwa asubuhi na kufungwa mchana, mbuzi ndio wanaokaa barazani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ndio mkubwa wa mambo yote ya kijiji, na unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Wetu umeahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Soko limeondoka, watu hawakutani. Watu hawakutani, mkutano haujai. Mkutano haujai, karatasi inapita mlangoni.

Wako wanaosema, "Bora kodi kuliko popo." Neno hilo lina uzito na hatulidharau. Duka la ushirika halikuuawa na lami, lilikufa kabla ya lami. Lilikufa kwa mikopo ya sukari na sabuni iliyoandikwa kwa penseli, na wadaiwa wa kwanza walikuwa ni wajumbe wa kamati pamoja na jamaa zao. Sisi tunaoandika hapa tulikuwemo. Daftari hatukulikagua kwa sababu tuliogopa kukuta majina yetu. Kwa hiyo mtu akituuliza kwa nini atuamini safari hii, ana haki ya kuuliza.

Ila wako pia wanaosema kwamba watu wa kijijini hawawezi kuendesha jambo lao wenyewe mpaka apatikane tajiri. Hapo tunakataa, tena kwa ushahidi wa mkoa wetu huu wa Ruvuma. Mwaka 1960 vijana wachache wa TANU walikwenda Litowa, upande wa Songea, wakaanza kulima pamoja. Mara ya kwanza walishindwa, njaa ikawatoa. Wakarudi. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha maendeleo cha vijiji vya Ruvuma, kile kilichojulikana kama RDA, kikakua hadi vijiji zaidi ya 15, wakawa na shule yao Litowa na mashine yao ya kusaga nafaka mjini Songea. Mambo yao waliyaamua mikutanoni, watu wote wamekaa. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja, mali yao ikachukuliwa. Waliofanya hivyo ni Chama chetu, na sisi wa Chama hatuna sababu ya kuzungukazunguka hapo. Watu wale kazi waliiweza, ila maamuzi walinyang'anywa. Sisi leo hatunyang'anywi na mtu. Tunayatoa wenyewe mlangoni, kwa kalamu ya kuazimwa.

Basi tunasema karatasi ile isimame. Ghala ni mali ya wanachama, na uwanja ni wa kijiji. Mwenzetu akitaka kukodi aje mkutanoni, aitaje bei yake mbele ya watu, na mkataba usomwe kwa sauti, polepole, mara mbili, kwa ajili ya wasioona vizuri. Maoni yetu ni kwamba apewe chumba cha nyuma kwa mwaka mmoja, kodi ailipe mbele, nayo inunue bati. Chumba cha mbele na baraza vibaki vya watu. Uwanja usiguswe.

Na gulio lirudi hapa chini kila Jumatano. Akina mama wa usipa wanaanika mchangani kule mwaloni, kisha mchuuzi anatafuna mmoja, anatema mchanga, anashusha bei. Uwanja unapata jua kutwa nzima. Wajenge chanja pale, mvua ikitisha usipa uingizwe ghalani. Usipa wa chanjani ni safi na bei yake ni nyingine. Watu wa stendi watateremka wenyewe kuufuata, pikipiki wanazo. Kamati ya gulio tunataka nusu yake wawe wanawake, maana ndio watakaoshinda pale na jua lao. Vijana waliotuomba mahali pa kutengenezea pikipiki wapewe upande wa barabarani, walipe ushuru mdogo, wasimwage oili karibu na kisima. Hili la oili tunalisema mapema kwa kuwa tunawajua.

Waliokwisha kutia sahihi wasione haya. Waje ofisini, ipo barua ya kuzikana sahihi hizo; asiyeweza kuandika atasomewa kwanza ndipo aandikiwe.

Mkutano utakuwa Jumamosi saa 3 asubuhi chini ya mwembe. Wataanza wanachama wa ushirika juu ya ghala, kisha mkutano mkuu wa kijiji juu ya uwanja na gulio. Huu si mkutano wa Chama. Mwenye kadi ya chama chochote aje, na asiye na kadi aje. Ijumaa jioni tunafagia ghala: kila nyumba kumi walete mafagio mawili, mwenye ngazi alete ngazi, kwa sababu wale popo wako juu kabisa kwenye kenchi.

Siku ya Jumamosi daftari la madeni ya duka litakuwa mezani, wazi, lenye majina yote. Ya wajumbe wa kamati yatasomwa kwanza.