Ndimu Haimrudishii Samaki Ubichi Wake

Kumloweka samaki katika mchuzi wa soya, tangawizi, kitunguu saumu na asali, kwa mtindo wa Kiasia, ni pishi jema. Wenyewe hutumia samoni. Katika jiko la Masasi au Newala atakayelowekwa ni jodari, nguru au kibua aliyesafirishwa kutoka pwani ya Mtwara, na safari hiyo ndiyo yenye hatari. Samaki hao wakikosa barafu, bakteria huzalisha histamini katika nyama yao. Ikishaundwa, haiondolewi na ndimu, viungo wala moto, na samaki huenda asinuke hata kidogo.

Mlaji huwashwa, uso humwiva, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja. Akibanwa na pumzi, hiyo ni dharura, atibiwe kwanza. Lakini kuandika “mzio wa samaki” kwa kila mgonjwa wa namna hii ni haraka isiyofaa, kwani humnyima kitoweo bora maisha yake yote. Aulizwe: alikula samaki gani, alihifadhiwaje, na ni nani mwingine aliyeugua?

Nyumbani, samaki alowekwe ndani ya friji. Pasipo na friji, dakika chache zatosha, kisha apikwe papo hapo.