Silinda mbili Ugalla? Mimi niachieni kava la cheni

Leo siasa naziweka pembeni, tuongee pikipiki.

Kuna ubishi usioisha vijiweni: pikipiki za Kijapani za zamani, hasa Honda za silinda mbili, eti zilikuwa chuma, na hizi bodaboda za siku hizi ni bati tu. Mimi nasema tusiongee kwa jumla. Tuchukue moja, Honda CD175 ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970, tuipeleke Ugalla kule Katavi, tuone.

Kwa nini Ugalla? Kwa sababu kule pikipiki si starehe. Reli ya Kaliua hadi Mpanda inapita, na lami ya Tabora hadi Mpanda siku hizi ipo, lakini ukiiacha tu unakutana na mchanga, vumbi, miombo na mbung'o. Masika ni tope. Mama mjamzito, ndoo za asali, samaki wa mto Ugalla, wote hao na vyote hivyo ni mzigo wa bodaboda.

Sasa mashine yenyewe. Ina sentimita za ujazo 174, zimegawanywa kwenye silinda mbili. Pistoni zinapanda na kushuka pamoja, lakini zinalipua kwa zamu, hivyo kila krenki ikizunguka mara moja unapata mlipuko mmoja. Ndiyo maana inakwenda laini. Kabureta ni moja tu, fundi hahangaiki kulinganisha mbili. Na plagi moja ikigoma porini, silinda ya pili inaweza kukukokota kwa mwendo wa kinyonga mpaka penye watu. Hapo mashabiki wake nawapa heshima.

Lakini nguvu zake, farasi 15 hadi 17, zinakuja injini inapokaribia mizunguko 10,000 kwa dakika. Nani anazungusha hivyo kwenye mchanga, na abiria mgongoni? Pale unataka injini inayovuta ikiwa chini, na silinda moja iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inamshinda. Halafu ije siku ya kushusha injini: pistoni mbili, seti mbili za ringi, valvu nne. Spea za Boxer zipo Mpanda mjini. Za CD175 utazitafuta wapi? Taa zake nazo ni za volti 6, usiku zinamulika kama kibatari.

Kwa hiyo silinda mbili sizitaki. Ninachokitaka kwenye ile Honda ni bati lake: kava lililofunika cheni yote, kuanzia mbele mpaka nyuma.

Vumbi likichanganyika na oili linakuwa msasa. Linakula cheni, linakula sproketi. Cheni ikilegea inaruka. Ikikatika vibaya inaweza kufunga tairi la nyuma, na wewe umempakia mgonjwa. Pikipiki nyingi ninazoziona zina kava nusu, au fundi amelitoa kabisa ili akaze cheni haraka. Tunaokoa dakika tano, tunahatarisha mguu wa mtu.

Halmashauri zinazowakopesha vijana pikipiki ziweke sharti hili moja: bila kava kamili, hatununui. Ni bati tu, jamani, si injini.

Anayeona silinda mbili bado zinaifaa Ugalla aje na hoja, asije na sifa. Naomba kuwasilisha.