Kisu cha resori nacho ni cha asili

Wandugu, kuna wasomi wetu wanaosema kwamba kisu kilichofuliwa kwa resori ya kamyo si cha asili, kwani chuma kimetoka kwa Wazungu. Hapana! Wanachanganya chuma na ufundi.

Tuangalie Wakuba wa Kasai. Ikul, kisu chenye bapa kama jani, ndiyo sifa yao. Lakini wazee wao wenyewe wanasimulia kwamba mfalme Shyaam, katika karne ya 17, alikataza shongo, kisu cha vita cha kurusha, akaleta ikul kwa ajili ya amani. Kumbe siku ile ikul ilikuwa kitu kipya! Tena ziko ikul za mti mtupu, hazikati hata nyama. Nani atasema si za asili?

Kisicho cha asili ni kile kinachopakwa matope ili mtalii akione cha zamani. Mufuzi anayefua resori, anayechonga mpini, anayemfundisha mtoto wake kuvuta mivukuto, huyo ndiye ameshika desturi. Tukizidi kumdharau, mtoto ataacha mivukuto, na visu vyetu tutaenda kuvitazama Tervuren, Ubelgiji, nyuma ya kioo.